Hukumu ya Haraka Juu ya Kompyuta Kuukuu

Katika vyombo ambavyo zama zetu zimeviingiza katika nyumba za watu wa kadiri, wasio matajiri wala mafukara, sidhani kama kiko kinachohukumiwa kwa pupa kuliko kompyuta mpakato iliyokwisha kula chumvi nyingi, ambayo siku moja huwashwa kama ilivyozoea kuwashwa, ikaonyesha nembo ya kampuni iliyoiunda, ikazungusha nukta zake za kumtaka mwenyewe asubiri, kisha, kabla hajafika penye faili zake, ikazima ghafula, au ikajiwasha upya na kurudia mzunguko ule ule kutwa nzima, au ikatandaza kioo cha buluu chenye maneno ya Kiingereza na tarakimu ambazo aghalabu hapatikani mtu wa kuzisoma. Hapo ndipo huzuka kauli mbili. Ya kwanza ni ya mwenyewe, nayo husema kwamba kompyuta imekufa. Na ya pili ni ya fundi wa mtaani, nayo husema kwamba kompyuta yataka kupigwa Windows, yaani diski yake ifutwe na mfumo huo uwekwe upya. Nimekusudia jioni hii kuzipima kauli hizi mbili, kwa sababu mara nyingi zote mbili hazina ushahidi, na ile ya pili ina madhara zaidi: mtu aliyeamini kwamba kompyuta yake imekufa huiweka juu ya kabati, na vyote vilivyomo hubaki vilivyo mpaka siku atakapopata msaada, bali yule aliyekubali ipigwe Windows huletewa kompyuta yenye kuwaka vizuri kabisa, ila picha za harusi ya mwanawe, hesabu za duka na barua za miaka mingi hazimo tena ndani yake.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba kompyuta haiamki kwa mara moja. Tangu kidole kinapobonyeza kitufe hadi jina la mtumiaji linapoonekana, kazi hupita katika mikono kadhaa, na kila mkono hukabidhi kazi kwa mkono ufuatao baada ya kuridhika kwamba sehemu yake imetimia. Umeme hutangulia, ukitoka katika chaja au betri, nao hupimwa na saketi za ubao mkuu kabla ya kuruhusiwa kwenda kwingineko. Kisha huamka programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao huo, ambayo huitwa BIOS tangu zama za Gary Kildall, Mmarekani aliyelitia jina hilo katika mfumo wake wa CP/M mwaka 1975, ijapokuwa kompyuta za miaka ya karibuni zina mrithi wake aitwaye UEFI. Na kazi ya programu hiyo ni kukagua prosesa, kumbukumbu, kibodi na kioo, kisha kutafuta diski yenye mfumo endeshi. Ikiipata, husoma mwanzo wa diski hiyo na kuyafuata maagizo inayoyakuta pale. Maagizo hayo ndiyo yanayoita kiini cha mfumo endeshi, na kiini nacho huziita draiva, yaani zile programu zinazojua kusema na kila kifaa, hiki cha picha, hiki cha sauti, hiki cha mtandao. Na mwisho wa yote huja programu alizoziweka mwenyewe, ambazo nyingine hujialika kila kompyuta inapowashwa bila ya kuitwa na mtu.

Basi madhali huo ndio utaratibu, swali la kwanza si kuuliza ni kitu gani kilichoharibika, bali ni kuuliza kompyuta huanguka wakati gani. Izimayo kabla ya nembo kuonekana haina ugomvi na Windows hata kidogo, maana Windows haijaitwa bado. Na ile ifikayo mpaka penye jina la mtumiaji kisha ikaanguka, imekwisha kuthibitisha mbele ya macho yetu kwamba umeme wake, ubao wake, kumbukumbu yake na diski yake vinafanya kazi, angalau kwa kiasi cha kuifikisha pale. Fundi anayeagiza kupiga Windows kabla ya kuuliza swali hilo ni sawa na kadhi anayetoa talaka kabla ya kumsikiliza mume wala mke; huenda akapatia, walakini akipatia si kwa elimu.

Nianze na zile zinazoanguka mwanzo kabisa, na hapa pana udanganyifu mmoja unaostahili kutajwa kabla ya mengine. Kioo cheusi si dalili ya mauti. Kompyuta mpakato zilizoundwa kabla ya takriban mwaka 2010, nyingi katika hizo, ziliangaziwa na taa nyembamba ya mrija iliyofichwa nyuma ya kioo, na taa hiyo, au saketi inayoipa umeme, huchakaa mapema kuliko viungo vingine vingi. Basi kompyuta huamka yote, ikatoa hata mlio wake wa kumkaribisha mtumiaji, ilhali mwenyewe haoni kitu na anaapa kwamba imezima. Chukua tochi ya simu, uimulike mshazari juu ya kioo. Ukiona picha hafifu imejificha nyuma ya giza, fahamu kwamba kompyuta yako ni nzima na mgonjwa ni taa hiyo au saketi yake. Usipoona kitu, tazama kitaa cha Caps Lock na usikilize milio, kwa kuwa watengenezaji wengi waliipa BIOS njia ya kulalamika pasipo kioo: kumbukumbu isipoonekana, hulia au humetameta idadi fulani, prosesa ikiwa na kasoro, idadi nyingine, na maana ya idadi hizo imeandikwa katika kitabu cha kampuni iliyounda kompyuta, wala haifanani baina ya kampuni moja na nyingine.

Kisha umeme. Itolewe betri, kama ni ya namna inayotolewa, na ichomolewe chaja, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani umalizike, halafu kompyuta ijaribiwe kwa chaja peke yake. Zichomolewe flashi, printa, modemu na kadi za kumbukumbu, maana flashi moja iliyosahauliwa ubavuni yatosha kumfanya mtu aamini kwamba diski yake imekufa, kwa sababu BIOS iliagizwa itafute mfumo endeshi katika flashi kwanza, ikaukosa humo, ikatangaza kwamba haupo. Na betri iliyovimba hata ikainua kibodi au kuacha mwanya ubavuni, hiyo haina majaribio: isibonyezwe, isitobolewe, itolewe kwa hadhari na kuwekwa mbali na vitu vinavyoshika moto.

Baada ya umeme, mtuhumiwa wangu ni kumbukumbu, vile vibao vidogo viitwavyo RAM. Meno yake, katika hewa ya chumvi ya mwambao wetu kuanzia Lamu hata Mtwara, hushika utando ambao jicho haliuoni kwa urahisi, na mshikamano ukilegea kompyuta hufanya vituko: leo haiwaki, kesho inawaka, na keshokutwa inaonyesha kioo cha buluu chenye namba isiyokuwa ile ya jana. Huko kubadilika kwa namba ndiko kunakopasa kumzindua mtu, kwa sababu kosa la programu aghalabu hurudia namba ile ile kila siku, na kosa la kumbukumbu hupenda kugeuka. Dawa yake ya kwanza haina gharama: kompyuta iondolewe umeme wote, vibao vitolewe, meno yake yafutwe polepole kwa kifutio cha penseli na kupanguswa, kisha virudishwe mpaka visikike vikinasa mahali pake, na kama ni viwili, kompyuta ijaribiwe kwa kimoja, halafu kwa cha pili. Anayetaka yakini, ipo programu ya MemTest86, ambayo Chris Brady aliianza mwaka 1994, inayowashwa kutoka katika flashi bila ya kuhitaji Windows, ikaandika na kusoma tena kila chumba cha kumbukumbu kwa namna mbalimbali. Iachwe ikifanya kazi usiku kucha. Wapo wasemao kwamba kosa moja au mawili si kitu. Mimi si katika hao, kwa kuwa kumbukumbu inayosahau jambo moja haitangazi ni jambo gani.

Sasa niwape kisa ambacho kwangu ndicho kinachoonyesha dhahiri zaidi ubaya wa hukumu ya haraka. Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu, mtu mwangalifu ambaye kompyuta yake imedumu naye tangu zama za Windows 7, aliifungia katika mkoba likizo nzima, na aliporudi akaichomeka katika chaja na kuiwasha, ikaonyesha nembo, ikajaribu kuamka, ikatandaza kioo cha buluu, ikajiwasha upya, na kadhalika bila ya kikomo. Fundi mmoja akamwambia kwamba diski imekufa. Mwingine akamwambia kwamba yafaa ipigwe Windows. Mwalimu akazikataa kauli zote mbili, si kwa elimu ya kompyuta bali kwa sababu mitihani aliyoitunga kwa miaka mingi ilikuwa ndani yake. Tuliinakili ile tarakimu ya kioo cha buluu, nayo ilikuwa 0x0000007B, ambayo kwa Windows husema kwamba mfumo umekwisha kuanza kuamka, lakini umeshindwa kuifikia diski unayotakiwa kuamkia. Zingatieni jambo hili: diski ingekuwa imekufa kabisa, hata kioo chenyewe cha buluu kisingetokea, kwa kuwa mfumo unaokitandaza ulisomwa kutoka katika diski hiyo hiyo muda mfupi kabla. Kwa hiyo kauli ya yule fundi wa kwanza ilikanushwa na kioo kilichokuwa mbele yake.

Tulipoingia katika BIOS, kilichotupokea kwanza ni saa, iliyosema kwamba tuko katika mwaka 2009. Hapo siri ilifichuka. Ndani ya kompyuta za namna hii mna kibetri cha duara, aghalabu kile cha CR2032, chenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, ambacho kazi yake ni kuilinda saa na mipangilio ya BIOS wakati ambapo umeme mwingine wote umeondoka. Kibetri kilikuwa kimezeeka, na betri kubwa nayo ilikuwa haishiki chaji; likizo ilipopita hapakuwa na cha kuilinda kumbukumbu ya BIOS, ikasahau yote iliyoambiwa na kurudia mipangilio ya kiwandani. Jambo hilo peke yake lisingemdhuru mwalimu, lau si kwamba fundi aliyeiweka Windows miaka ile alikuwa ameigeuza njia ya kusema na diski kutoka AHCI kuwa IDE, desturi waliyobaki nayo mafundi wengi tangu enzi ya Windows XP, kwa sababu XP haikuja na draiva ya AHCI; na Windows 7 iliyowekwa katika hali ya IDE huiacha draiva ya AHCI imelala. BIOS ikarudi katika AHCI, Windows ikaamka, ikaitafuta diski kwa njia iliyoizoea, isiione. Tuliirudisha IDE, tukasahihisha tarehe, na kompyuta ikawaka na mitihani yake yote, kisha kibetri kipya kikanunuliwa kwa fedha isiyofika nauli ya kwenda kwa fundi wa tatu. Fauka ya hayo, saa iliyorudi nyuma ina athari nyingine ambayo wengi hawaijui: tovuti za benki na za barua hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vina tarehe, na kompyuta inayodhani kwamba iko miaka kumi nyuma huviona vyeti hivyo kuwa havijazaliwa.

Hata hivyo sitaki mdhani kwamba diski haifi. Diski za sahani, ambazo bado zimo katika kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Barabara ya Luthuli kule Nairobi, huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuzisomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, yaani mwanya ambao chembe ya vumbi haiwezi kupita. Kompyuta iliyoangushwa ikiwa inafanya kazi, au iliyobebwa juu ya pikipiki bila ya kuzimwa, huweza kukigonganisha kichwa na sahani. Na diski inayotoa mlio wa kugongagonga kwa vipindi isiwashwe tena kwa majaribio, kwa sababu kila kuwashwa kwaweza kukwangua zaidi kile ambacho mtaalamu angeweza kukiokoa. Ila kwetu sisi diski nyingi haziharibiki kwa kuanguka. Huharibika, au kwa insafu niseme huchafuka, kwa sababu ya betri. Mwenye kompyuta mpya umeme ukikatika huendelea na kazi yake hata asitambue; bali kompyuta kuukuu, ambayo betri yake imebaki pambo, huzima pale pale umeme unapokatika, huenda katikati ya kuandika. NTFS, ule mpango ambao Windows hutumia kupanga faili, na ambao ulitoka pamoja na Windows NT mwaka 1993, huweka daftari la mabadiliko ili muundo wa diski upate kurekebishwa baada ya ajali ya namna hiyo. Lakini daftari hilo huulinda muundo, halilindi maneno yaliyokuwa yakiandikwa, na ikiwa faili iliyokatwa katikati ni miongoni mwa zile zinazohitajika wakati wa kuamka, kompyuta itaanguka mahali pale pale kila siku. Kwa kosa hili ipo amri ya chkdsk, nayo ni njema kwa diski nzima iliyochafuka. Kwa diski inayokata roho ni hatari, kwani huweza kuilazimisha kusomwa yote na kuandikwa marekebisho wakati ambapo nguvu yake ndogo iliyobaki ingetumika kunakili faili za mwenyewe.

Itapambanuliwaje diski iliyochafuka na inayokufa, au kosa la programu na kosa la chombo? Hapa iko njia moja ambayo ningependa kila fundi wa nchi zetu awe nayo mfukoni, nayo ni flashi yenye mfumo wa Linux unaowaka wenyewe bila ya kuwekwa katika diski, kama vile Ubuntu, uliotolewa mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya kiini alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991. Kompyuta huwashwa ikaambiwa isome flashi badala ya diski, na mtu akachagua kuujaribu mfumo, si kuuweka. Kompyuta ikisimama imara saa nzima, ikacheza video na kufungua mtandao, basi umeme, ubao, prosesa, kumbukumbu na chipu ya picha vyote vimepata ushahidi mzuri, na tuhuma zimebaki kwa diski na Windows. Ikianguka hata hapo, basi kuipiga Windows mara mia hakutaiponya, na fedha ya kazi hiyo ingeliwa bure. Wala faida haikomi hapo, maana kutoka katika mfumo huo huo wa flashi mtu huweza kuifungua diski ya ndani na kuzihamisha faili zake zote katika diski ya nje kabla ya mkono wa fundi yeyote kugusa kitu. Isipokuwa diski iliyofungwa kwa BitLocker: hiyo haifunguki bila ya ufunguo wa tarakimu 48, ambao aghalabu umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, naye hajui kwamba anao.

Ikiwa tuhuma zimebaki kwa Windows, bado hatujafika penye kufuta. Iko hali ya usalama, ambamo Windows huamka na draiva chache za lazima tu na kuziacha nyingine zote mlangoni. Katika Windows 7 huingiwa kwa kubonyeza F8 kabla ya nembo yake. Katika Windows 10 na 11, kompyuta iliyoshindwa kuamka mara mbili mfululizo aghalabu hujipeleka yenyewe katika ukurasa wa marekebisho, na humo hufuatwa njia ya mipangilio ya kuwashia, kisha hubonyezwa 4. Kompyuta inayoanguka katika hali ya kawaida ikasimama katika hali ya usalama imemtaja mkosaji wake karibu kwa jina: ni draiva au programu iliyoongezwa, na yafaa kuondoa ile iliyoongezwa mwisho, iwe ni ya printa, ya modemu au ya kuzuia virusi. Na msidhani kwamba haya ni maradhi ya kompyuta kuukuu peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 duniani, zikiwemo za viwanja vya ndege, benki na hospitali, zikaanguka na kurudia kuanguka kila zinapowashwa. Dawa haikuwa kuzipiga Windows. Dawa ilikuwa kuingia katika hali ya usalama na kufuta faili moja, kisha kuwasha upya. Lau waangalizi wa kompyuta hizo wangekuwa na mazoea ya baadhi ya mafundi wetu, sijui ni rekodi ngapi za wagonjwa zingefutwa wiki ile.

Joto nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa hujitambulisha lenyewe kwa saa. Kompyuta ambayo asubuhi ikiwa baridi hudumu robo saa, na ikiwashwa tena papo hapo hudumu dakika mbili, haina virusi. Ina feni iliyoziba vumbi, au ile pesti ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa imekauka ikawa unga, na prosesa nyingi hujizima zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi ili zisiungue. Kufungua, kusafisha na kupaka pesti mpya ni kazi ya saa moja kwa fundi mwenye mkono mtulivu.

Yapo pia maradhi yasiyokuwa na dawa ya haki, nayo ni ya chipu ya picha. Mwezi Julai mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kwamba inatenga baina ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kuliko kawaida, kwa sababu ya udhaifu wa vitu vilivyotumika katika kuzifunga, ambavyo havikustahimili kupata joto na kupoa kila siku. Kompyuta za miaka ile zikionyesha mistari ya rangi juu ya kioo tangu nembo, kisha zikaanguka draiva ya picha inapoitwa, wako mafundi wanaoipuliza chipu hewa ya moto, na kwa hakika kompyuta huwaka tena. Huwaka majuma machache, mpaka dhamana ya mdomo ya fundi imekwisha. Huko siko kutengeneza. Kwa kompyuta ya namna hiyo rai yangu ni kuitoa diski, kuokoa vilivyomo, na kuuza kilichobaki kwa vipuri.

Nisije nikaonekana kwamba naichukia kazi ya kupiga Windows. Ina mahali pake, nao ni mwisho: faili zikiwa zimekwisha kunakiliwa, chombo kikiwa kimethibitishwa kuwa kizima, na marekebisho madogo yakiwa yameshindwa. Ikifika hapo, usiirudishe katika diski ile ile ya sahani iliyochoka. Diski ya SSD ya inchi 2.5, isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani yake, huingia mahali pale pale pa diski ya zamani katika kompyuta nyingi zilizokuja na diski ya sahani, na hakuna fedha ndogo ninayoijua inayobadilisha kompyuta kuukuu kuliko hiyo. Jambo la kutafakari ni mfumo utakaowekwa. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na ule wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta kuukuu nyingi haziyatimizi. Kwa mwalimu, karani au mwanafunzi ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma na kufungua mtandao, Linux Mint au Ubuntu yamtosha, na haihitaji kununuliwa wala kuibwa.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, mtakapoipeleka kompyuta kwa fundi, ichukueni picha ya kioo cha buluu kwa simu zenu kabla hakijapotea, mwelezeni huanguka wakati gani, ni kitu gani kiliongezwa au kuondolewa siku chache kabla, na kama saa yake ilirudi nyuma; kisha mtakeni azinakili faili zenu mbele yenu kabla ya kazi nyingine yoyote. Na ikiwa jibu lake la kwanza, kabla hata ya kuiwasha, ni kwamba yataka kupigwa Windows, ichukueni kompyuta yenu mwende kwa fundi mwingine.